Mgawaji wa Hewa

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake haunihusu. Watu wa mjini hapa wakitaka kukueleza mtu huanza na babu wa babu yake, alitoka Arabuni lini, mashamba yake ya karafuu yalikuwa wapi, mpaka mwenyewe unamsahau. Mimi nilimjua tayari mtu mzima, mrefu, kanzu yake imepigwa pasi hadi inataka kusimama peke yake, anateremka ngazi za nyumba yetu ya Malindi kila asubuhi, mikono ameishika nyuma. Tukimwita Mgawaji. Watoto wakimwita Babu Mgawaji. Alikaa ghorofa ya juu na sisi chini yake, kwa hivyo kabla sijamchukia nilishaizoea miguu yake juu ya kichwa changu.

Kazi yake ilikuwa kugawa hewa. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Kabla simu za mkononi hazijamwagika kama sasa, mwenye gari za watalii, mwenye hoteli huko pwani, bandari, spitali, wote walisemeshana kwa simu ya upepo. Ni redio yenye kipaza sauti: unabonyeza unasema, unaachia unasikiliza. Na kila mmoja lazima awe na masafa yake, yaani mahali pake pa kukaa hewani. Wawili wakikaa pahala pamoja wanasemana juu kwa juu na hakuna anayesikika. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa ofisini na kusema: wewe kaa hapa, wewe kaa pale, wewe subiri.

Watu waliomwendea wakidai nafasi walikuwa wakimwambia hewa imejaa. Hilo alikuwa hataki kulisikia.

"Hewa haijajaa," alikuwa akisema. "Watu wamekaa vibaya."

Alilisema ofisini, alilisema barazani, akilazimisha wazee wasogeleane ili mgeni apate pa kukalia. Alilisema hata juu ya paa tunakoanika nguo. Paa lile lilikuwa la nyumba nzima, na kamba zilikuwa za nyumba nzima, na hapo ndipo ugomvi wa wanawake ulipokuwa ukizaliwa. Mgawaji akipanda juu alikohoa kwanza, akatupa jicho mara moja, kisha akatugeuzia mgongo akatazama ukuta. Nguo za wanawake hakuzigusa hata siku moja. Alizipanga kwa mdomo.

"Bi Zuhura, sogeza kanga zako zote mkono wa kulia."

Bi Zuhura alikuwa jirani wa chini, mwanamke asiyeogopa mtu. "Zinakuudhi nini kanga zangu?"

"Umeacha shubiri hapa, shubiri pale, shubiri kule. Ukizikusanya ni kamba nzima. Mwenzio ana shuka, na shuka haikatwi vipande ikaanikwa."

"Na mume wangu nimsogeze wapi, Mgawaji? Naye analala kiupandeupande."

"Huyo," alisema bila kugeuka, "si wa ofisi yangu."

Tukacheka mpaka vibanio vikatudondoka. Lakini kanga zilisogezwa na shuka ikapata pahala. Nilipokuja kuijua kazi ndipo nikafahamu kuwa hivyo ndivyo alivyoiona hewa ya Unguja nzima. Miaka iliyopita watu waliwekwa tu, huyu huku, yule kule, kila aliyekuja akatiwa palipoonekana peupe. Wakabaki na vijinafasi katikati yao, vyembamba, havimfai mtu. Ukivijumlisha ni nafasi kubwa. Kimoja kimoja ni bure.

Alikuwa mtu wa kuchosha, nisiseme uongo. Akikuona unakata mkate anakwambia ukate vipi. Akikutana na watu kichochoroni ana la kuwaambia nani apite kwanza. Lakini chumba chake mwenyewe, siku ya mwanzo nilipopandisha sahani ya futari aliyopelekewa na mama, sikupata pa kuiweka. Redio mbovu, nyaya, betri, magazeti, viatu vya kushoto visivyo na wenzao. Mwenyewe amekaa katikati juu ya kigoda, goti moja limepandana na jengine kwa kukosa nafasi.

"Babu, na huku nani anagawa?"

"Huku," alisema, "sijapata mwombaji."

Upendeleo alikuwa hana. Mpwa wake alifungua biashara ya teksi akaja kuomba masafa, amekuja na halua na uso wa kicheko. Tuliwasikia kwa chini. Mpwa anasema mjomba, mimi damu yako. Mgawaji anasema naam. Mpwa anasema basi nitie mbele. Mgawaji anasema mbele kuna watu. Mpwa akateremka kwa kishindo, na halua aliishika mkononi, ameondoka nayo.

Ile naam yake ilikuwa kitu cha peke yake. Umwite kwa heri, umwite kwa shari, alijibu naam, polepole, kama anakufungulia mlango. Ulikuwa ukiona tabu kumtukana mtu aliyekwisha kukuitikia hivyo. Nilikuja kuweza.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani, nafagia kilichofagiwa. Ni yeye aliyenifundisha simu ya upepo, kwa redio moja mbovu kati ya zile zake, haijaunganishwa na kitu.

"Fikiri kabla hujabonyeza," alinambia. "Ukibonyeza huku unafikiri, umeziba njia ya mwenzio kwa ukimya wako. Sema uliko, sema unachotaka, achia."

"Na nikikosa la kusema?"

"Taja jina lako. Jina peke yake ni habari."

Akanipeleka kwa mwenye gari za watalii aliyekuwa akitafuta mtu wa kupokea simu. Hakuniombea, alisema tu, "Huyu anajua kuachia." Nikapata kazi. Nikakaa chumba kidogo Shangani, naongea na madereva kutwa. Tulikuwa tunawaita kwa namba za gari zao. Namba Tatu alikuwa mchekeshaji, anaimba kabla ya kusema aliko. Namba Tano alikuwa mkali lakini ukimwambia kuna shida anageuza gari kabla hujamaliza. Nilizijua sauti zao kuliko nilivyozijua nyuso.

Nikaolewa, nikapata mimba. Mume alivuka kwenda bara kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta.

Sasa niseme lile jambo, kwa sababu bila hilo huyu angekuwa mzee msumbufu tu wa ghorofani.

Spitali ililetewa mitambo mipya ya kuunganisha vituo vya afya vya shamba na mjini. Mitambo ile ilitaka nafasi pana hewani, isiyokatika, na pana haikuwepo. Kulikuwa na vile vijinafasi tu. Mgawaji akaandika mpango wa kuwasogeza watu wote, kila mmoja kidogo, ili uwazi wote ukutane upande mmoja. Kwa mwaka mzima alikuwa akiuzungumza kama mtu anayemwoza binti yake. Shida ilikuwa moja: lazima wasogee wote kwa pamoja. Ukisogea wewe kabla jirani yako hajaondoka, umemkalia.

Akatafuta siku ambayo hewa imetulia, hakuna anayeita mtu. Akaichagua Sikukuu Mosi, mwisho wa Ramadhani, mara baada ya sala ya Idi. Ofisi zimefungwa, gari hazitoki, kila mtu yuko kwake anakula. Mafundi walipita mapema kwa kila mwenye redio wakaziweka tayari, kikabaki kitufe kimoja cha kugeuza. Tangazo likapelekwa. Mimi mwenyewe nililipokea pale kazini nikalibandika ukutani. Halikuwa na tarehe, kwani kabla ya mwezi kuandama tarehe nani anaijua? Lilisema Sikukuu Mosi, baada ya sala.

Unguja hii. Nyumbani kwetu wenyewe kuna waliokuwa wakifunga huku majirani zao wanakula pilau, kwa sababu hawa wanafuata mwezi wa hapa na wale wanafuata mwezi ulioonekana nje. Mgawaji aliishi ndani ya nyumba hiyo. Mtu aliyeona shubiri moja ya kamba inapotea hakuona Idi mbili. Baadaye alisema alidhani tangazo la ofisi litasomwa kwa mwezi wa ofisi. Kila mtu alilisoma kwa mwezi wake.

Mimi sikuwa mjini. Nilikuwa nimekwenda na mama kwetu shamba, Mangapwani, kujifungua, kama mwanamke anavyokwenda kwao kwa mtoto wa kwanza. Bosi wangu alikuwa wa mwezi wa nje. Akasali Idi yake, akaingia ofisini na kanzu mpya, akageuza kitufe. Madereva wakageuza vyao. Wakasogea kama walivyoambiwa, wakakaa mahali pa vituo vya afya, ambavyo vilitakiwa viwe vimeshaondoka. Lakini vituo vilikuwa vya serikali, na serikali, inayofuata mwezi wa hapa, ilikuwa ingali imefunga.

Siku hiyo ndipo uchungu uliponishika. Mama alinipeleka kituo cha afya asubuhi, mkunga yuko peke yake zamuni. Mpaka mchana mambo yalikuwa mabaya. Mkunga akasema daktari aje na gari ya wagonjwa, akaenda kwenye redio iliyokuwa ukutani, pazia tu limetutenga.

"Spitali, spitali, kituo kinaita."

Ikajibu sauti ya kuimba. Niliijua kabla haijafika mwisho wa mstari. Namba Tatu.

"Idi mubarak, yakhe! Pilau liko wapi?"

"Huku kwetu limeisha," mwengine akamjibu, naye ni Namba Tano. "Njoo unywe mchuzi."

"Spitali, kituo kinaita, nna mzazi hapa!"

"Bi dada, umeingia laini ya gari za watalii. Toka, mwanangu, utuachie."

Wakacheka. Mkunga alibonyeza tena na tena. Akibonyeza wao wanabonyeza, na ikabaki mikwaruzo. Alijaribu mpaka sauti ikamkauka, kisha akaiacha redio akanirudia mimi, na mtoto akatoka kwa mikono yake peke yake, kwa kuvutwa, bega limekwama. Gari ilikuja baadaye sana, imeitwa na mtu aliyetumwa kwa baiskeli. Binti yangu alikuwa hai. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala ubavuni kama si wake, na haujaamka.

Nilirudi mjini na mtoto mgongoni, na nikapanda zile ngazi za juu kwa mara ya kwanza bila hodi.

"Mgawaji!"

"Naam."

"Njoo umtazame uliyemgawa."

Akaja mlangoni. Akamtazama. Akaushika ule mkono kwa vidole viwili, akauachia, ukaanguka. Hakusema mwezi, hakusema ofisi, hakusema bosi wako. Alisema, "Nilikosea mimi." Nikamtemea maneno ambayo sitayaandika, na nyumba nzima inasikia.

Ofisini pia alisema hivyo hivyo, bila kuulizwa. Wakamtia chumba cha nyuma, asigawe chochote, akamalizia miaka yake humo. Mpango wake lakini ulifanya kazi. Kesho yake waliobaki waligeuza vitufe vyao, uwazi ukakutana, mitambo ya spitali ikakaa, na tangu hapo wazazi wa shamba wakiita wanasikika. Nimekutana na wanawake waliookolewa hivyo. Wananambia alhamdulillahi, na mimi naitikia, na moyo unaniuma kwa kijicho.

Miaka ile yote sikumsamehe hata siku moja. Tukikutana ngazini nilisema kwa sauti, nimwambie mtoto huku namlenga yeye: "Mpishe aliyekuvunja mkono." Anasimama ukutani, anatupisha, mikono nyuma. Mtoto alipoumwa alikuwa akitupandishia maji kutoka bombani, ndoo mlangoni, anagonga, akishaondoka ndio nafungua. Niliyatumia yale maji. Niliyapikia, nikayaogea, na sikupata kusema ahsante. Watu wa nyumba waliniogopa wakamwacha mkono na wao. Akisema kitu kuhusu kamba za nguo hakuna aliyemsikiliza. Bi Zuhura peke yake alinambia siku moja, tunaanika:

"Wewe mtoto, hasira yako hii ina kitu ndani."

"Ina mkono wa mwanangu ndani."

"Huo tunauona. Nakwambia kingine."

Nikaendelea kuanika. Alikuwa amegusa penyewe, na nilikuwa nikipajua. Nilipajua tangu nimelala pale nyuma ya pazia. Zile sauti zilikuwa za watu wangu. Namba Tano alikuwa na gari mlangoni kwake. Mkunga hawajui, wao hawamjui, kwao ni mwanamke aliyepotea njia. Mimi ningesema jina langu, jina tu, Namba Tano angegeuza gari kabla sijamaliza. Nilikuwa na kiasi cha hatua chache mpaka kwenye kipaza sauti. Ningeweza kumpigia kelele mkunga, waambie ni mimi. Nilifundishwa hilo, na aliyenifundisha ni yeye. Nikakamata vyuma vya kitanda nikang'ata kanga, nikaona aibu madereva wasinisikie nalia. Aibu. Hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo, zaidi ya uchungu.

Najua mtu atasema mwanamke aliye katika hali ile hadaiwi kitu. Aniambie. Mimi mwenyewe nimejiambia, na usiku naisikia tena ile pilau liko wapi.

Alipostaafu Mgawaji alihamia Mwanakwerekwe, kwa yule yule mpwa wa halua. Nikadhani nimepumzika. Kisha binti yangu akaanza skuli, na mwalimu wake akaniita. Akafunga mlango.

"Mama, huyu mtoto nyumbani anakaa na nani?"

"Na mimi na bibi yake."

"Nimemuuliza mkono umefanya nini. Anasema kuna mzee wa nyumbani kwenu kauvunja. Kwa makusudi, anasema. Nataka kujua kama niende polisi."

Nilimweleza kwa kubabaika, akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Nikatoka pale nimemshika mtoto. Yale maneno ya ngazini, niliyokuwa nikimrushia mzee, kumbe yalikuwa yakimwingia yeye. Amekua anajua kuwa duniani kuna mtu mbaya aliyemshika mkono akauvunja.

Sikukuu ilipofika nilimvalisha nguo mpya nikampeleka Mwanakwerekwe. Sikujua nakwenda kusema nini. Mwaka ule ilikuwa Idi moja kwa wote, au mimi sikusikia ugomvi.

Tulimkuta ukumbini, amekonda, kanzu ile ile iliyosimama. Chumba kile cha mpwa kilikuwa kitupu na kisafi, na yeye amekaa pembeni kabisa, kama anayesubiri aambiwe nafasi yake. Akajaribu kuinuka.

"Shikamoo," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe.

"Marahaba." Macho yakamjaa, akayageuza kwa mtoto. "Mkono wa Idi, mwanangu."

Binti yangu hakutoa mkono. Alisimama mbele yake akamkagua juu mpaka chini, kama fundi anayetazama kazi.

"Wewe ndiye Babu Mgawaji?"

"Naam."

"Wewe ndiye uliyenivunja mkono?"

Nilidhani atanitazama mimi. Angenitazama tu, ningepona, maana ningeliona deni langu usoni kwake. Hakunitazama.

"Naam," alisema. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

Akafungua mdomo. Na mimi nikaona anavyokwenda kufanya: atamweleza mtoto mwezi, na tangazo, na hewa, atajibebesha yote kwa mpangilio mzuri, na mtoto ataondoka hapo akiwa na hakika milele. Hasira ikanipanda, ile ile ya ngazini.

"Nyamaza, mzee," nikamwambia. "Nani kakwambia uchukue yote?"

"Tangazo niliandika mimi."

"Na sauti nilizijua mimi. Walikuwa Namba Tatu na Namba Tano. Nilikuwa nawasikia. Sikutaja jina."

Nilimwona akipiga hesabu zake, kituo kiko wapi, gari iko wapi, njia ya Mangapwani ikoje siku ya Idi. Alikuwa hawezi kuacha kupiga. Niliingoja hukumu yake, na Mungu ananijua, nilitaka iwe kali.

"Wangefika," alisema.

Hakusema pole, wala hakusema huna kosa. Na mimi nikaona pumzi inaingia kifuani mahali ilipokuwa haifiki.

"Wangefika," nikasema. "Na wewe ungeandika siku kwa mwezi wa serikali, nisingehitaji kuwaita."

"Naam. Nisingekuwa nimekusogezea balaa."

Mtoto alikuwa akitutazama, huyu akisema anamtazama, huyu akisema anamtazama. Mengi hakuyafahamu. "Sasa ni nani?" akauliza. "Ni yeye au ni wewe?"

"Hakuna aliyekuvunja kwa makusudi," nikamwambia. "Mimi nilikudanganya. Ulikwama wakati wa kuzaliwa, na msaada ulichelewa. Yeye alikosea kitu, na mimi nikakosea kitu."

Alifikiri. Hakulia, hakutusamehe, ana miaka ya kutosha mbele yake ya kuamua hilo. Alitazama chini. Viatu vyake vipya vilikuwa na vifungo vya chuma, na vyote viwili vilikuwa vimefunguka njiani. Kwa mkono mmoja hawezi kuvifunga, na mimi kwa haraka zangu sikuona.

Akaketi kwenye mkeka akanyoosha miguu.

"Basi huyu afunge hiki," alisema, "na wewe ufunge hiki."

Mgawaji akateremka kitini, goti moja, kisha la pili, kwa tabu. Mimi nikapiga magoti upande wangu. Changu nilikifunga mara moja. Mikono yake yeye ilikuwa ikitetemeka, na ule ulimi wa chuma ulikuwa haupati tundu. Niliunyoosha mkono nimsaidie.

"Mwache," binti yangu akasema. "Hicho chake."

Nikauondoa mkono. Tukakaa hapo sakafuni, wote watatu, tunamngoja.